Jigi ya kugundishia mbao bapa, na sababu ya paneli kuinuka katikati

Msomaji ameuliza hivi: "Ninaunganisha mbao zenye unene wa milimita 20, ukingo kwa ukingo, ili kupata paneli za milango ya makabati na nyuso za meza ndogo. Paneli kubwa kabisa ninayotengeneza ina urefu wa milimita 900 na upana wa milimita 500. Kila ninapokaza klampu, mbao huinuka katikati mithili ya mgongo wa kobe, na nyingine huteleza zikapishana kimo. Nataka kutengeneza jigi ya kudumu. Niiundeje, na nifanye nini ili paneli isigandie kwenye jigi yenyewe?"

Ndugu muulizaji, kabla hujakata hata kipande kimoja cha jigi, yaani kiunzi cha kuzishikilia mbao wakati wa kugundisha, ni lazima ujue kwamba kuinuka huko kuna sababu mbili zisizofanana, na kwamba jigi hutibu moja tu kati ya hizo. Mafundi wengi hutengeneza jigi nzuri, wakaiona paneli imetoka ikiwa bapa, kisha baada ya siku mbili wakaikuta imejikunja tena; nao huilaumu gundi, ilhali kosa lilikuwa kwenye randa.

Sababu ya kwanza ni kingo zisizo na pembemraba. Chukua mfano wa mbao tano zenye upana wa milimita 100 kila moja, ambazo kila ukingo umepotoka kwa nusu digrii tu kuelekea upande uleule. Kila kiungo kitakusanya digrii 1, viungo vinne vitakusanya digrii 4, na katikati ya paneli itapanda kwa takriban milimita 5. Nusu digrii huioni kwa macho, na guni lililochakaa huenda lisiionyeshe, lakini milimita 5 kwenye mlango wa kabati kila mtu ataziona. Ukiilazimisha paneli ya namna hiyo kulala bapa ndani ya jigi, unachofanya ni kufungua viungo upande mmoja na kuijaza gundi nafasi hiyo, na mbao zitabaki zikivutana na viungo hivyo kwa muda wote wa maisha ya kazi yako.

Dawa yake haihitaji mashine ya gharama. Zipange mbao kwa mpangilio unaoutaka, chora pembetatu kubwa inayopita juu ya mbao zote ili usipoteze mpangilio huo, kisha chukua mbao mbili zinazopakana na uzikunje kama mtu anayefunga kitabu, nyuso zikitazamana. Zibane pamoja kwenye jiliwa na uzipige randa kingo zote mbili kwa mara moja. Hata kama randa yako imeinama kidogo, ukingo mmoja utapata pembe iliyozidi na mwingine pembe iliyopungua kwa kiasi kilekile, na ukizifungua mbao makosa hayo mawili yatafutana. Anayetumia mashine ya randa hupata matokeo hayohayo kwa kupitisha ubao mmoja uso wake ukiwa umeegemea kizuizi cha mashine, na ubao unaopakana nao akaupitisha uso huohuo ukiwa nje. Kisha simamisha ubao mmoja juu ya mwingine bila gundi na uweke rula ndefu kwenye nyuso: rula ikigusa kote na mwanga usipite kwenye kiungo, uko tayari kuzungumzia jigi.

Sababu ya pili ndiyo inayoihusu jigi. Klampu ndefu inapolazwa chini ya mbao na kukazwa, chuma chake chenyewe hupinda: katikati huinuka kuelekea mbao, na meno yake hufunguka upande wa juu. Hapo shinikizo linaangukia sehemu ya chini ya ukingo badala ya katikati ya unene wa ubao. Upande wa chini unabanwa zaidi kuliko wa juu, na paneli haina njia nyingine isipokuwa kupanda. Kadiri unavyokaza ukidhani unarekebisha, ndivyo unavyozidisha kosa. Wakati jigi haijawa tayari, unaweza kupunguza tatizo hili kwa kuweka kijiti cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 8 au 10 kati ya meno ya klampu na ukingo wa ubao, katikati kabisa ya unene, na kwa kupishanisha klampu, moja ikipita chini na inayofuata ikipita juu.

Jigi, kwa hiyo, ina kazi mbili: kusukuma katikati ya unene, na kuzishikilia mbao katika usawa mmoja hadi gundi ishike. Kila kipimo nitakachokutajia kinatokana na kazi hizo mbili.

Tuanze na kitako, kwa kuwa paneli haiwezi kuwa bapa kuliko kitu ilicholalia. Kwa paneli zako, kitako chenye urefu wa milimita 1,000 na upana wa milimita 750 kinatosha. Kitengeneze kwa mabamba mawili ya plaiwudi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18 yaliyogundishwa pamoja yakawa milimita 36, kisha uweke chini yake mbavu nne zilizosimama wima, zenye kimo cha milimita 80 hivi. Mbavu hizo zipite upande wa upana, yaani kutoka kizuizi kimoja cha kubania paneli hadi kingine (vizuizi nitavieleza hapa chini), katika mwelekeo uleule wa shinikizo, na si kwa urefu wa jigi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe nililikosea. Katika jigi yangu ya kwanza niliziweka mbavu kwa urefu, sambamba na vizuizi, nikidhani ninaimarisha upande mrefu ulio dhaifu. Kumbe vizuizi vinaposukumwa kwenda nje, huuvuta uso wa juu wa kitako, na kitako chote hupinda kwa namna ileile inavyopinda klampu. Nilitengeneza milango sita iliyofanana vizuri sana kwa mkunjo wake kabla sijafikiria kuweka rula juu ya kitako wakati kabari zimekazwa. Ubavu ukiongezewa kimo maradufu, ukakamavu wake huongezeka mara 8, kwa hiyo usizifupishe mbavu kwa ajili ya kuokoa vipande vya mbao.

Kabla ya kugundisha mbavu, hakikisha kwamba kitako hakijapindana, yaani pembe mbili za mkabala hazijawa juu kuliko nyingine mbili. Kipimo rahisi ni kamba mbili nyembamba zilizovutwa kutoka pembe hadi pembe zikakutana katikati. Zikigusana kwa wepesi, bila moja kuibonyeza nyingine wala kuacha nafasi, rudia kipimo ukiwa umeigeuza iliyokuwa chini iwe juu. Ikiwa mara zote mbili zinagusana vilevile, kitako kiko sawa. Pimamaji haisaidii sana hapa, maana jigi iliyo bapa inaweza kulala mteremko na isidhuru kitu.

Kizuizi cha kudumu hukaa kwenye ukingo mmoja mrefu. Kitengeneze kwa mbao ngumu iliyonyooka, upana milimita 60 na unene milimita 18, ukigundishe na ukifunge kwa bolti tatu za M10 (kipenyo cha milimita 10) zinazopita kwenye nafasi tatu zilizo kati ya mbavu nne. Unene wa milimita 18 nimeuchagua kwa makusudi: kizuizi kinapaswa kuwa chini kidogo ya uso wa paneli yako ya milimita 20, ili fito za kukandamizia, ambazo nitazieleza, ziiguse paneli na si kizuizi. Uso wake unaotazama paneli uwe na pembemraba kamili na kitako. Wapo wanaouinamisha kidogo uso huo kuelekea ndani ili uisukume paneli chini. Mimi siupendi ujanja huo, kwa sababu unaponda ukingo wa juu wa ubao na kurudisha tatizo la shinikizo lisilo la katikati. Kwenye kona ya chini, pale kizuizi kinapokutana na kitako, chimba mfereji mdogo wa milimita 3. Usipouchimba, vumbi na matone ya gundi vitarundikana hapo na kuinua ubao wa kwanza bila wewe kujua.

Kizuizi cha pili huhamishika. Kina vipimo vilevile, ila hakigundishwi. Toboa kwenye kitako safu tatu za matundu, kila safu katika nafasi moja kati ya mbavu, tundu na tundu zikiachana kwa milimita 40, ili uweze kukisogeza kulingana na upana wa paneli. Nafasi ndogo zinazobaki utazijaza kwa fito za milimita 10, 20 na 30. Bolti ziingie kutoka chini, na juu ya kizuizi utoboe shimo pana la kuzamisha nati na washa, ili kizuizi kishikwe imara na kisijaribu kuinuka upande wa mbele kinaposukumwa. Chagua bolti ndefu, za milimita 130 hivi kwenye vizuizi vyote viwili, kwani sehemu inayochomoza juu ndiyo itakayofunga fito za kukandamizia.

Kati ya kizuizi cha kuhamishika na paneli kunakaa vitu viwili: ufito wa kusukumia na kabari. Ufito huo una upana wa milimita 40 na urefu sawa na wa paneli, na unene wake uwe karibu na ule wa paneli, hivyo kwamba katikati ya ufito na katikati ya ukingo vilingane. Kazi yake ni kulinda ukingo na kusambaza nguvu. Kumbuka kwamba shinikizo kutoka sehemu moja hutawanyika ndani ya mbao kwa pembe ya takriban digrii 45, kwa hiyo ubao wa nje ukiwa mwembamba sana na kabari zikiwa mbalimbali, kutakuwa na sehemu za kiungo zisizobanwa vya kutosha. Katika hali hiyo weka ufito mpana zaidi.

Kabari ndizo roho ya jigi hii, nazo hutumika kwa jozi, moja ikielekea kulia na nyingine kushoto, ili pande zao za nje zibaki sambamba na msukumo uende mbele moja kwa moja. Mteremko wa 1 kwa 10 unafaa: kabari yenye urefu wa milimita 200 inayoanzia unene wa milimita 10 na kuishia milimita 30. Kila milimita 10 ambazo kabari moja inasogea juu ya nyingine, paneli inasukumwa kwa milimita 1, na mteremko huo ni mpole kiasi cha kutosha kabari zisirudi nyuma zenyewe. Kwa paneli yako ya milimita 900 weka jozi tatu. Kwa paneli yenye urefu wa milimita 500, jozi mbili zinatosha. Usizipake nta nyuso zinazoteleza. Msuguano ndio unaozishikilia, na kabari iliyopakwa nta itakuchekea usiku kucha ikijilegeza.

Fito za kukandamizia ni tatu, zenye upana wa milimita 40 na kimo cha milimita 50, na hupita juu ya paneli kutoka kizuizi hadi kizuizi, zikifungwa kwenye zile bolti kwa nati za masikio. Upande wa chini wa kila ufito usiuache ukiwa umenyooka kabisa. Upige randa ili katikati ubaki umechomoza kwa milimita 1 kuliko ncha zake. Ukikaza ncha, ufito hunyooka, na shinikizo linafika katikati ya paneli, mahali ambapo ufito ulionyooka usingefika kwa sababu ungepinda kwenda juu. Kwa paneli nyembamba kuliko milimita 18, inua kazi kwa bamba la plaiwudi chini yake.

Sasa swali lako la mwisho. Gundi nyeupe ya PVA haishiki kwenye plastiki ya mkanda wa kufungia maboksi, na huo ndio ninaoutumia kwenye kitako, kwenye uso wa vizuizi, na chini ya fito za kukandamizia. Ukichanika unabandua na kubandika mwingine. Nta ngumu ya samani nayo inafaa, ila hudai kupakwa tena mara kwa mara. Karatasi ya nailoni iliyotandazwa tu hujikunja, na mkunjo wake huacha alama kwenye paneli. Usitumie mafuta wala kitu chochote chenye silikoni, kwa kuwa mabaki yake huingia kwenye mbao na baadaye vanishi hukataa kutulia juu yake. Tahadhari nyingine ni chuma kitupu: mbao zenye tanini nyingi, kama mwaloni, hupata madoa meusi chuma kikigusana na gundi mbichi, na madoa hayo huingia ndani zaidi kuliko unavyodhani.

Ipo mipaka ambayo ni lazima niitaje. Kwa gundi za jamii ya PVA, shinikizo linalopendekezwa ni kama megapaskali 0.7 hadi 1 kwa mbao laini, na hadi 1.7 kwa mbao ngumu. Kiungo chako cha milimita 900 kwa 20 kina eneo la milimita za mraba 18,000, kwa hiyo hata kiwango cha chini kabisa kinadai nguvu ya karibu nyutoni 12,600, ambayo ni sawa na uzito wa kilo 1,300 hivi. Sikushauri utegemee kabari tatu zilizogongwa kwa nyundo ndogo kufikia kiasi hicho. Jigi hii hufanya kazi kwa sababu kingo zilizopigwa randa vizuri hukutana bila kulazimishwa, na kiungo cha namna hiyo hushika kwa shinikizo dogo kuliko lile la kitabuni. Kwa mbao ngumu na nene, au kwa kingo ambazo huna hakika nazo, rudi kwenye klampu ndefu zinazopishana juu na chini, na uitumie jigi kwa paneli za mbao laini na za wastani.

Siku ya kugundisha, funga kila kitu kwanza bila gundi. Gundi hukupa dakika 5 hivi kabla haijaanza kukauka juu, na penye joto au upepo hata hizo hupungua, wala si wakati wa kutafuta ufito uliopotea. Mbao ziwe zimekaa pamoja katika chumba kimoja kwa siku kadhaa ili unyevu wake ulingane, na kingo ziwe zimepigwa randa siku hiyohiyo. Paka gundi tabaka jembamba lililoenea kote, panga mbao, kaza fito za kukandamizia kwa vidole tu, kisha gonga kabari kidogokidogo kuanzia jozi ya katikati ukienda nje. Pale ambapo nyundo haifiki, tumia kijiti kigumu. Mbao zikishakutana, kaza fito hadi mwisho, kisha malizia kabari. Mpangilio huo una maana: ukikandamiza kwa nguvu mwanzoni, mbao zitakwama kabla ya kukutana, ukikaza kabari zote kwanza, zitapishana kimo. Gundi ikitokeza kwa matone madogo yaliyopangika sawasawa kwenye kila kiungo, umepaka kiasi kinachofaa. Kiungo kisichotokeza hata tone moja kinakuambia kwamba gundi haikutosha au kingo hazikugusana.

Baada ya nusu saa hivi matone huwa kama mpira, na hapo ndipo pa kuyakwangua kwa patasi butu. Ukiyafuta mapema kwa kitambaa chenye maji, utaisukuma gundi ndani ya vinyweleo vya mbao na kuiona tena siku ya kupaka rangi ya mbao. Saa moja inatosha kuiondoa paneli kwenye jigi penye joto la kawaida, lakini chini ya digrii 10 za selisiasi PVA nyingi haishiki inavyotakiwa, hata ukisubiri.

Paneli ikitoka, isimamishe wima ili hewa ipite pande zote mbili. Ukiilaza juu ya meza, uso wa juu utakauka na wa chini utabaki na unyevu wa gundi, nayo itajikunja kwa sababu isiyohusiana kabisa na jigi yako. Subiri saa 24 kabla ya kuipiga randa au msasa, kwa kuwa maji ya gundi huvimbisha mbao kando ya kila kiungo: ukizisawazisha zikiwa zimevimba, zitasinyaa baadaye na kila kiungo kitaacha bonde dogo ambalo litaonekana mara vanishi itakapopata mng'ao.